Mchumba Aliyeficha Miwani

Wiki nzima mmeniandama: yule mama aliangukia wapi? Tulimwacha na mguu mmoja hewani, kweli, na mtu hawezi kuachwa hivyo siku saba. Haya, tumshushe.

Mguu ule ulikuwa unatafuta ngazi ya kuingilia duka la Fundi Miwani. Ngazi moja tu, ya saruji, hata mlevi huishuka. Lakini mama alikuwa amevaa miwani mpya, aliyotengenezewa na Fundi mwenyewe, naye Fundi alimkabidhi pale pale mlangoni, akaivaa ili aingie na heshima zake. Macho yakamwambia ngazi iko huku. Mguu ukaenda huku. Ngazi ikabaki kule.

Akapaa kidogo. Akapiga makasia kwa mikono miwili. Akalidaka koti la Fundi lililotundikwa ukutani, koti likang'oka na msumari wake, na wote wawili, mama na koti, wakaenda kutua kwenye benchi la wateja.

Kwenye benchi kulikuwa na keki.

"Pfff," ikasema keki.

Keki yenyewe ilikuwa ya Siagi, binti wa huyo mama. Siagi ndilo jina alilopewa na mtaa, maana ana miaka thelathini na minne na kazi yake ni kuoka keki za harusi za wenzake. Siku hiyo alikuwa ameoka yake. Fundi Miwani amemposa, na mama alikuwa amekuja kutoa jibu. Siagi alimwahidi marehemu baba yake kwamba hataolewa bila mama kuridhia, na ahadi ya maiti haina wa kumwomba akuachilie. Mama akisema ndiyo, keki inakatwa. Akisema hapana, basi.

Hakuna aliyefikiria kwamba mama ataikalia.

"Wifi," akasema Shangazi bila kusogea, "hukuitwa kupima ukubwa wa keki. Uliitwa kutoa jibu."

Shangazi ni dada wa yule marehemu. Ana ulimi ambao ungeweza kuchonga penseli. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kupimia macho, mkoba mapajani, kama mtu aliyelipa kiingilio.

"Niinueni!"

Fundi Miwani akakurupuka. Na hapa, kwa wale waliochelewa kujiunga nasi, mtazameni vizuri huyu bwana. Nywele nyeusi tititi, zimekolea kama dawa ya viatu, na kwenye masikio zimemwagikia. Suruali imembana mapaja, kila akitaka kukaa anafikiria kwanza. Raba nyeupe. Cheni shingoni. Ukimwona kwa nyuma unasema kijana. Akigeuka unasema pole.

"Pole mama! Pole sana mama yangu! Shikamoo tena!"

Akainama, akashika mkono, akavuta kwa adabu zote.

Ulikuwa mkono wa koti.

"Mimi niko huku!" akafoka mama.

"Naam mama, nakuja mama." Akalivuta koti mpaka likasimama. Kidogo alipanguse vumbi.

Siagi akaona. Akamwinua mama yake mwenyewe, krimu ikimfuata mama sketini kama mkia, lakini macho yake yalikuwa kwa mchumba. Mtu gani anasalimiana na koti?

"Miwani hii ina nini?" Mama alikuwa ameshika ukuta. "Sakafu imeinama. Namwona Fundi wako wawili, na mmoja tu amenishinda!"

"Ni mazoea, mama," Fundi akajibu, sauti ya mtaalamu. "Siku mbili tatu utaizoea. Unajua macho yakifika umri fulani…"

"Umri gani?"

"Umri wa… wa busara, mama."

"Na wewe una busara ya miaka mingapi?"

"Arobaini na tisa, mama."

Shangazi akakohoa. "Arobaini na tisa. Mwaka jana pia ulisema arobaini na tisa. Au kwako mwaka mpya haufiki?"

Kabla Fundi hajajibu, mkoba wa mama ukaanza kulia. Simu. Mama, ambaye sekunde moja iliyopita hakuona hata ngazi, aliipata simu ile ndani ya mkoba kwa kupapasa, akaikata, akairudisha, haraka kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Nani?" akauliza Siagi.

"Watu wa shule ya udereva tu."

Maana mama amejiandikisha kujifunza kuendesha gari. Alama za barabarani ndizo zilizomshinda, na ndiyo sababu ya miwani.

"Wanampenda sana mwanafunzi wao," Shangazi akasema akitazama dari. "Mpaka Jumapili wanamfundisha. Juzi gari limesimama nje ya nyumba saa nzima, halikusogea hata kidogo. Nikasema basi, leo ni somo la kuegesha."

"Wifi, koma!"

Siagi hakuwasikia. Alikuwa amemvua mama ile miwani na kuanza kufuta krimu. Akaacha kufuta. Akaisogeza dirishani penye mwanga.

Siagi amekaa kwenye duka hili mara nyingi kiasi cha kujua kazi inavyokwenda. Fundi akishasaga kioo hukitia nukta ya wino pembeni. Cha kulia nukta moja, cha kushoto nukta mbili. Akishakipachika kwenye fremu anafuta nukta kwa kitambaa, miwani inaondoka safi.

Hii haikuondoka safi. Nukta zilikuwepo. Mbili upande wa kulia. Moja upande wa kushoto.

"Umevibadilisha," akasema.

"Nini, mtoto?"

"Vioo. Umepachika cha kulia kushoto. Na nukta hukufuta."

Fundi akacheka, kicheko cha kuazima. "Mimi? Haiwezekani. Kazi hii nimeifanya miaka thelathini na tano!"

"Ngoja," Shangazi akanyoosha kidole. "Arobaini na tisa, toa thelathini na tano. Ulianza kusaga vioo una miaka kumi na minne? Maskini mtoto wa watu. Walikutesa!"

Fundi akafunga mdomo. Umechelewa, bwana. Mdomo kama huo hufungwa asubuhi.

Sasa Siagi akakumbuka. Siku ile Fundi anaitengeneza miwani hii, yeye alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi wakipiga soga. Fundi alikuwa amekishika kioo mbali na uso, mikono imenyooka, kama mtu aliyepakatishwa mtoto aliyejikojolea. Akawa anakunja macho, anakunjua, anakunja. Siagi alidhani ni madaha. Siku hizi mchumba wake ana madaha mengi.

Akafungua pochi, akatoa kadi ndogo.

Mezani kwa Fundi kuna kadi ya kupimia macho ya karibu. Maneno yake aliyatunga mwenyewe enzi hizo, na mtaa mzima umeyasoma: kuku wa jirani ametaga kwenye kofia ya bwana harusi. Wateja wakifika hapo hucheka, na Fundi hupenda wacheke, kwa sababu mtu anayecheka hadanganyi kuhusu macho yake.

"Fundi," Siagi akasema kwa upole, ule upole ambao mwanamume mwenye akili angeukimbia, "hebu nisomee kadi yako. Mama asikie kama macho yako ni mazima."

Fundi akaipokea. Akanyoosha mkono mpaka mwisho wake. Kama angekuwa na mkono mwingine wa kuunganisha, angeunganisha. Kisha akatabasamu, akakohoa, akasoma kwa sauti tamu ya redioni:

"Kuku wa jirani ametaga kwenye kofia ya bwana harusi, na bwana harusi anaulizwa: yai hili ni la nani?"

Akairudisha kadi kwa madaha. Hakukosea hata neno.

Shangazi akanyoosha mkono.

"Naomba na mimi," akasema Shangazi. Akaipokea, akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akasoma polepole: "Keki za harusi na sherehe zote. Lipa nusu kwanza. Halafu namba ya simu. Na picha ya keki." Akainua macho. "Simwoni kuku."

Ilikuwa kadi ya Siagi ya biashara. Ile ile aliyompa Fundi siku ya kwanza walipojuana.

Jasho likaanza kumtoka Fundi. Na jasho lililochanganyika na dawa ya nywele lina tabia yake mbaya: likateremka jeusi, mstari mmoja, kutoka kwenye panda la uso mpaka shavuni.

"Huoni," akasema Siagi.

"Naona. Naona kidogo. Naona vya mbali."

"Mimi sikai mbali! Mimi nakaa hapa, mbele yako! Kwa hiyo miezi yote hii umekuwa unaangalia nini? Ukungu wenye gauni?"

"Mtoto, sikiliza…"

"Usiniite mtoto!"

Fundi akashuka sauti. "Nilifanya kwa ajili yako. Kinyozi wangu aliniambia, mwanamke kijana ukimwonyesha uzee anakimbia. Akasema paka nywele. Akasema miwani iwe marufuku mbele yake. Akasema vaa…" akajitazama suruali, akakosa jina lake. "Vaa hivi."

"Kinyozi!" Siagi akapiga kofi hewani. "Kinyozi ameachwa na wanawake watatu, kila mmoja kwa sababu yake, na wewe ndiko ulikokwenda kusoma!"

"Ana uzoefu…"

"Wa kuachwa!"

Shangazi akaitikia "ehee" kama yuko ngomani.

Hasira ikishampanda mwanamke mpole huwa haina breki, na nitamwacha aseme, maana hata mimi niliyekaa kuandika nilishindwa kumzuia.

"Nilipokuja hapa kutengeneza mkono wa miwani ya kazini, uliniuliza swali moja. Ukaniuliza, macho yako yanachoka saa ngapi? Halafu ukanyamaza. Ulinyamaza mpaka nikamaliza kusema. Nilisema habari za macho, nikasema za jiko, nikasema za baba, na wewe umenyamaza tu, miwani puani, mvi kichwani, unanitazama kwa juu ya fremu. Vijana wa rika langu nimewajaribu. Unawaambia mgongo unauma, wanakuambia wao kichwa. Nikasema huyu mtu mzima ndiye. Nilijua unanizidi sana, si kipofu mimi. Niliutaka huo huo uzee wako! Sasa umeutupa wapi? Siku hizi sijamaliza neno umeshajibu. Unaniambia poa. Unatafuna ubani! Nimetaka mtu mzima, umeniletea kijana aliyechakaa!"

Weee.

"Miaka yako," akasema Siagi.

"Arobaini na…"

"Fungua droo."

Fundi akamtazama. Kumbe anajua kuna droo. Wanawake wanajua droo zote, bwana, wanangoja tu uzifungue mwenyewe.

Akaivuta. Chini ya vitambaa na bisibisi ndogo kulikuwa na miwani nene, mkono mmoja umefungwa uzi. Akaivaa. Na ni ajabu lakini ni kweli: uso wake ukarudi nyumbani. Ile mikunjo ya kulazimisha macho ikalegea. Akatoa ubani mdomoni, akaufunga kwenye karatasi.

"Hamsini na nane," akasema.

"HAMSINI NA NANE!" Mama akaruka na mkia wake wa krimu. "Mimi nina hamsini na tatu! Mkwe ananizidi miaka mitano na kila siku ananiamkia! Nimeitikia marahaba za wizi mwaka mzima! Mimi ndiye nilipaswa kumwamkia huyu!"

"Hata sasa hujachelewa," Shangazi akamwambia.

Simu ya mama ikalia tena. Ikakatwa tena.

Fundi hakujitetea. Aliichukua ile miwani ya mama mkononi mwa Siagi, akaketi mezani kwake, na kwa bisibisi ndogo akalegeza skrubu, akatoa vioo, akavitazama kwa ukaribu, akavibadilisha. Akakaza. Akafuta nukta. Vidole havikutafuta kitu, vilijua.

"Macho yako hayana neno, mama," akasema, na safari hii hakuinama wala kuchekacheka. "Hukuanguka kwa umri wako. Umeanguka kwa sababu ya umri wangu niliouficha. Ungeweza kuvunjika. Kosa ni langu peke yangu."

Akaiweka miwani mezani, mbele ya mama. Kisha akamgeukia Siagi.

"Na wewe unataka nifanye nini?"

Akanyamaza.

Siagi alingoja aendelee, kama siku hizi anavyoendelea. Hakuendelea. Alikuwa amekaa pale, mstari mweusi shavuni kama kijito cha matope, anamtazama kwa juu ya fremu na kungoja. Siagi akatamani kumzaba kofi, na hapo hapo akatamani kumfuta lile shavu. Mjinga huyu. Mjinga wake.

"Kwanza," akasema, "kaoge."

Shangazi akaguna. Shangazi anajua lugha hiyo. Mwanamke akikuambia ondoka, umekwisha. Akikuambia kaoge, bado una kikombe chako kabatini.

Lakini ahadi ni ahadi. Siagi akamgeukia mama yake. "Mama, umesikia yote. Umri wake umeujua, ujinga wake umeuona. Mimi bado namtaka. Jibu ni lako."

Mama akajinyoosha. Kama si ile krimu, angeonekana hakimu.

"Jibu langu nimetoka nalo nyumbani, na leo limeongezeka uzito. Ndege huruka na wa mbawa zake. Watu na rika zao! Mwanamke anayeacha rika lake anatafuta mawili: ama baba, ama mtoto wa kulea. Na mtu anayedanganya umri wake kwa mchumba, huyo hata jina lake sina hakika nalo. Ni aibu! Mtu mzima mzima, anajipaka, anajibana, anaficha miaka kama ameiiba! Kwa hiyo nasema mbele ya wifi yangu, na sitarudia: ha…"

"Hodi!"

Kijana mmoja akaiteremka ile ngazi kwa mruko, kama vile haipo. Shati la shule ya udereva, funguo zinazunguka kidoleni, meno yote nje. Rika la Siagi huyu, na ukimnyoa ndevu labda chini yake.

"Shikamoo mzee," akamwambia Fundi.

Fundi akaipokea bila kutikisika, kwa mara ya kwanza tangu aanze kupaka nywele. "Marahaba, kijana. Karibu."

"Samahani kuwaingilia. Namfuata mchumba wangu, simu hapokei nikaingiwa na wasiwasi. Aliniambia leo anachukua miwani yake hapa."

"Mchumba wako ni nani, mwanangu?" akauliza Shangazi, na sauti yake ilikuwa na asali ya kutosha kujaza mzinga.

"Si huyo hapo!" Kijana akacheka. "Mpenzi, mbona umejaa krimu?"

Mama akapapasa mezani, akatwaa miwani, akaivaa. Sijui alidhani itamficha. Lakini miwani ilikuwa imeshatengenezwa. Sakafu ikatulia. Fundi akawa mmoja. Mama akaona kila kitu sawasawa, na hakukuwa na hata kimoja alichotaka kukiona.

Kijana alikuwa ameshamgeukia Siagi, mkono mbele, furaha tele.

"Na wewe bila shaka ndiye mdogo wake! Yule wa keki! Jamani mmefanana. Dada yako anakusifu kila siku garini, aliniambia mmepishana miaka minane tu."

Shangazi akaung'ata mkoba wake. Machozi yalikuwa yanamtoka na mabega yanaruka.

Siagi akamtazama mama yake. Mama naye akamtazama binti yake, na nyuma ya vile vioo vipya, safi, visivyo na nukta, macho mawili yalikuwa yanaomba kama hayajawahi kuomba kitu duniani. Neno moja tu. Siagi akisema "mama", gari la huyu kijana halitasimama tena nje ya nyumba ile.

Siagi akachukua kitambaa cha kufutia vioo. Akafuta krimu vidoleni, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

"Karibu, shemeji," akasema. "Kaa. Si hapo, hapo pana keki."

Kijana akakaa kwingine.

"Umetukuta dada alikuwa anatoa jibu la posa yangu. Amefika kwenye 'ha' na wewe ukapiga hodi." Akakikunja kitambaa, akakiweka mezani mbele ya Fundi. "Haya, dada. Lirudie lile jibu. Polepole, shemeji naye asikie."